Mtoto Hupimwa Sayansi au Hupimwa Lugha? Maoni juu ya Maswali ya Sayansi katika Shule za Msingi

Mwandishi wa makala haya si mwanasayansi, wala hadai kuwa anaweza kumfundisha mtunzi wa mtihani ni kwa nini chuma hushika kutu au ni kwa nini mwezi hupatwa. Analolidai ni dogo zaidi, nalo ni hili: kwamba swali la sayansi aulizwalo mtoto wa miaka kumi au kumi na miwili ni tungo ya lugha kabla halijawa kipimo cha maarifa, na kwamba tungo hiyo, hapa Kenya na kwa jirani zetu wa Tanzania, haijachunguzwa na watu wa lugha kama inavyostahili. Tumeandika mengi juu ya vina na mizani, juu ya lahaja na asili ya Waswahili. Karatasi ya mtihani, ambayo husomwa kwa makini na watoto wengi kuliko diwani yoyote, tumewaachia wengine.

Historia yenyewe yajulikana, nami nitaipitia upesi. Mwaka 1964 Tume ya Ominde ilipendekeza kwamba Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia tangu darasa la kwanza. Mwaka 1976 Kamati ya Gachathi ilirudi hatua moja nyuma, ikapendekeza lugha inayotawala katika eneo la shule itumiwe katika madarasa matatu ya mwanzo, na Kiingereza kichukue nafasi hiyo katika darasa la nne. Katika mtihani wa C.P.E. sayansi ilikuwa imebanwa ndani ya karatasi moja ya jumla pamoja na historia na jiografia. K.C.P.E., iliyoanza 1985, ndiyo iliyoitoa humo, na katika miaka yake ya baadaye karatasi ya sayansi ilikuwa na maswali hamsini, kila moja na majibu manne ya kuchagulia. (Kwa hesabu hiyo, mtoto asiyejua lolote na anayekisia tu hutazamiwa kupata kumi na mawili au kumi na matatu, jambo hili tuliweke akilini.) Mtihani huo ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, na kabla ya hapo, mwaka 2022, tathmini ya gredi ya sita ilikuwa imekwisha kuanza chini ya mtaala mpya. Majina yamebadilika, mitaala imebadilika, hata madarasa yameitwa gredi. Lugha ya karatasi ya sayansi haikubadilika.

Katika mtaala wa sasa somo linaloitwa Sayansi na Teknolojia huanza katika gredi ya nne. Kabla ya hapo mtoto husoma shughuli za mazingira, na husoma, kwa mujibu wa sera, katika lugha anayoisikia nyumbani au mtaani. Gredi ya nne ndiyo pia gredi ambayo Kiingereza hushika hatamu. Kwa hiyo mtoto hukutanishwa na wageni wawili siku moja, naye hana njia ya kujua ni yupi kati yao anayemshinda. Akishindwa, mwalimu huandika kwamba ameshindwa sayansi.

Nitoe mfano mmoja ambao uliniingiza katika shughuli hii. Mtoto wa jirani yangu, aliyekuwa darasa la tano, alikuwa akikariri kwa sauti sentensi ya Kiingereza iliyosema kwamba mti ni "poor conductor" wa joto. Nikamwuliza maana yake. Akanijibu kwamba ni kondakta asiye na pesa. Hakuwa akifanya mzaha: kondakta alimjua, humwona kila asubuhi akining'inia mlangoni mwa matatu, na neno "poor" alifundishwa katika somo la Kiingereza kuwa ni maskini. Nikamwuliza tena, safari hii kwa Kiswahili, kwa nini mamake hukoroga uji kwa mwiko wa mti wala hakorogi kwa kijiko cha bati. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jambo la kipumbavu, akasema kwamba kijiko kingemchoma mkono, na akaongeza, bila ya kuulizwa, kwamba ndiyo sababu sufuria nyingine zina mikono ya mti au ya plastiki. Jambo lote ambalo swali la sayansi lingetaka kupima alikuwa nalo, pamoja na mfano wa pili ambao mtahini hakuuomba. Karatasini angepata sifuri, au robo ya bahati.

Sidai kwamba mtoto mmoja anatosha kuwa ushahidi. Lakini walimu wanaoyajua madarasa yetu watakiri kwamba hali hii si ngeni kwao. Ailie Cleghorn, Marilyn Merritt na Jared Abagi, katika uchunguzi wao wa mafunzo ya sayansi katika shule za msingi za Kenya uliochapishwa 1989, walionyesha kwamba maana ya dhana za sayansi iliwafikia watoto kwa urahisi zaidi pale ambapo sheria ya kusema Kiingereza peke yake haikushikwa kwa ukali. Mwalimu hodari hufundisha kwa Kiingereza, akaeleza kwa lugha ya mama, akarejea Kiingereza ili kuuliza. Mtihani huja bila ya ile hatua ya katikati. Hatujiulizi ni kwa nini hatua ambayo mwalimu aliiona kuwa ya lazima kwa muda wa miaka mitatu huonekana kuwa si ya lazima siku ya kupima.

Hapo ndipo sisi walimu wa Kiswahili hupenda kusimama na kutoa jawabu letu: basi na maswali yaulizwe kwa Kiswahili. Nami ni miongoni mwa wanaolitaka hilo. Nigeria walilijaribu jambo la jinsi hii katika mradi wa Ife ulioanza 1970 chini ya Babs Fafunwa, ambapo watoto walifundishwa masomo yao, sayansi ikiwemo, kwa Kiyoruba kwa miaka yote sita ya shule ya msingi, na hawakuwa nyuma ya wenzao waliofundishwa kwa Kiingereza, walikuwa mbele. Tanzania imefundisha na kutahini sayansi ya shule za msingi kwa Kiswahili tangu mwishoni mwa miaka ya 1960. Walakini ukereketwa si hoja. Aliyewahi kukaa na karatasi ya sayansi ya Kiswahili na kuisoma kama asomavyo shairi, neno kwa neno, atagundua kwamba Kiswahili kina mitego yake, na kwamba mitego hiyo ni hatari zaidi kwa kuwa maneno huonekana kuwa yanajulikana. Mtoto akikutana na "conductor" hujua kwamba hajui. Akikutana na "mdudu" hudhani anajua.

(Maswali yote yatakayofuata nimeyatunga mwenyewe kwa kuiga umbo la kawaida; hakuna lililonakiliwa kutoka katika mtihani wowote.)

Tulichukue neno hilohilo. Swali liwe: "Ni yupi kati ya hawa ambaye si mdudu? A. Kipepeo. B. Buibui. C. Siafu. D. Nzi." Mtahini anataka B, kwa kuwa buibui ana miguu minane, na katika sayansi mdudu ana sita. Lakini katika Kiswahili cha Waswahili, buibui ni mdudu kamili. Nge ni mdudu, kupe ni mdudu, jongoo ni mdudu. Minyoo ni wadudu. Vijidudu visivyoonekana kwa macho vinavyoleta homa ni wadudu. Hata uvimbe wa chungu unaotokea pembeni mwa ukucha huitwa mdudu. Neno hili halijawahi kuhesabu miguu. Wanasayansi walilikopa na wakalipunguza maana, jambo ambalo wana haki ya kulifanya, kwani kila taaluma hufanya hivyo. Lakini mtoto huyu hakuarifiwa kwamba neno la nyanyake limepunguzwa. Anapochagua kipepeo, kwa kuwa kipepeo ni mzuri na wadudu wengine ni wa kuchukiza, hakukosa sayansi kwa maana ya kushindwa kutazama. Amejibu kwa mujibu wa lugha yake. Swali lingeweza kumtendea haki kwa urahisi: "Mdudu kwa maana ya sayansi ana miguu sita. Kati ya hawa, ni yupi asiyefaa kuitwa mdudu kwa maana hiyo?" Hapo mtoto atalazimika kuikumbuka miguu ya buibui, na kumbukumbu hiyo ndiyo tuliyotaka kuipima.

Kiazi ni mfano mzuri zaidi, kwa kuwa hapa sayansi na lugha zimekatana kabisa. Kiazi kitamu ni mzizi ulionenepa. Kiazi mviringo, kile ambacho Wakenya wengi hukiita waru, ni shina lililonenepa chini ya ardhi. Yale macho yake ni machipukizi, nayo mizizi haina machipukizi ya namna hiyo. Kiswahili huviita vyote viwili kwa jina moja na kuvitenga kwa kivumishi tu, na muhogo, ambao ni mzizi kama kiazi kitamu, hukupa jina lake mbali. Mtoto akiulizwa "kiazi ni sehemu gani ya mmea?" hana jibu, wala mtahini hana. Kumbe mkulima wa Nyandarua anajua tofauti hiyo bila ya kuambiwa: waru huipanda yenyewe, akihakikisha ina jicho, kiazi kitamu hupanda kipande cha mche. Swali lililoanza shambani, likauliza ni kwa nini kipande cha waru kisicho na jicho hakichipui, lingepima botania yenyewe na lingemfurahisha mtoto.

Kisha kuna "kuyeyuka". Barafu huyeyuka juani. Chumvi nayo, kwa wasemaji walio wengi, huyeyuka majini. Kwa mwanasayansi haya ni mambo mawili yasiyohusiana: la kwanza lataka joto, la pili lataka maji. Nimekwisha kuona mazoezi ya Kiswahili ambayo hutumia kitenzi hicho kimoja kwa yote mawili katika ukurasa mmoja, kisha huuliza "ni nini kinachohitajika ili kitu kiyeyuke?" Wataalamu wa istilahi hawakulala. Wametupa "mmumunyo" kwa maji yaliyochanganyika na chumvi au sukari, na kitenzi "kumumunyika" kimo lughani tangu hapo. Anayemumunya peremende anajua inavyokwisha kinywani. Wametupa pia "halijoto" ili tuitenge na "joto", "tungamo" ili tuitenge na "uzito", "kani" na "nishati" ili tusiviite vyote nguvu. Kamusi ya biolojia, fizikia na kemia iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1990 ni kazi ya kuheshimiwa. Lakini istilahi iliyomo kamusini na haimo kinywani mwa mwalimu huwa ni Kiingereza cha pili. Mtoto anayeulizwa "halijoto" kwa mara ya kwanza siku ya mtihani hana nafuu yoyote kuliko yule aliyeulizwa kwa lugha ya kigeni.

Hadi hapa nimesema juu ya msamiati, ambao kila mtu huuona. Sarufi ya swali ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi, kwa kuwa hufanya kazi yake gizani.

Mtahini wa Kiingereza anapotaka jibu la kukanusha huandika neno la kukanusha kwa herufi kubwa, ili mtoto asilipite. Kiswahili kinyimwacho nafasi hiyo kinafanyaje? Katika "kisichohitaji" kikanushi ni silabi moja, -si-, iliyosongwa kati ya kiambishi cha ngeli na kirejeshi. Mtoto asomaye kwa haraka huona "ki...chohitaji" na huenda zake. Tofauti ya "kinachohitaji" na "kisichohitaji" ni silabi moja ya pili, na juu ya silabi hiyo huning'inia jibu zima. Huko ni kupima jicho. Dawa ni rahisi mno hata naona haya kuiandika: kikanushi kitolewe ndani ya kirejeshi na kuwekwa mahali pa wazi, "Ni kitu kipi ambacho HAKIHITAJI maji?", au sentensi ipigwe mstari, au, bora zaidi, swali la kukanusha lisiulizwe kabisa pale ambapo la kukubali lingetosha.

Upatanisho wa kisarufi nao hufichua majibu, na pengine hupotosha. Swali likiandikwa "Ni ipi kati ya hizi inayotumika kupima joto?" na majibu yakawa mizani, saa, rula na kipimajoto, basi viambishi vya swali vimekubaliana na majibu matatu na kulikataa moja, nalo ndilo sahihi. Mtoto mwenye Kiswahili kizuri, yaani yule wa Lamu au wa Mombasa, ataliacha jibu sahihi kwa sababu lugha yake imemwambia haliwezi kuwa hilo. Mtoto asiyejali ngeli ataokoka. Sijui adhabu ya kuijua lugha iliyo kali kuliko hiyo. Likigeuzwa kuwa "kinachotumika", swali litamnong'oneza jibu kila ajuaye ngeli, hata kama hajapata kukiona chombo hicho. Waandishi wa mitihani ya Kiingereza huonywa wasiuache mwishoni mwa swali ule utambulisho wa umoja utakaolitaja jibu. Lugha yenye ngeli yahitaji onyo hilo mara kumi. Neno tangulizi, kama "chombo kipi" au "kifaa gani", hulimaliza tatizo, kwa kuwa upatanisho hufuata neno hilo na majibu yote hubaki sawa.

Na kipimajoto chenyewe? Jina lake ni sentensi: hupima joto. Mtoto wa Kiingereza hana budi kukumbuka kwamba kidude kile huitwa kwa jina la Kigiriki. Mtoto wa Kiswahili akijua kusoma amekwisha kujibu. Wapo wanaolitaja jambo hili kama udhaifu wa Kiswahili katika mitihani, eti istilahi zake hutoa siri. Mimi naliona kinyume. Kwamba swali huanguka mara tu jina linapoeleweka ni ushahidi kwamba swali halikuwa la sayansi tangu mwanzo. Lilikuwa la kukariri majina. Mtahini mwenye istilahi zinazojieleza hulazimika kuuliza jambo la maana zaidi, kwa mfano kwa nini zebaki hupanda ndani ya kioo, au kwa nini kipimajoto huachwa kwapani kwa dakika kadhaa.

Yabaki swali zito kuliko yote haya, nalo ni kama karatasi na kalamu vyafaa hata kidogo. Katika miaka ya 1960 wanasaikolojia waliwapelekea watoto wa Kiwolofu wa Senegal lile jaribio la Piaget la kumimina maji kutoka katika glasi pana hadi katika glasi nyembamba. Patricia Greenfield aliandika mwaka 1966 kwamba watoto ambao hawakupata kwenda shule mara nyingine walidai maji yamebadilika kwa kuwa mgeni ndiye aliyeyamimina. Walipoachiwa wamimine wenyewe, majibu yao yalibadilika sana. Robert Serpell, katika kazi yake ya mwaka 1979, aliwapa watoto wa Zambia na wa Uingereza kazi ya kuiga maumbo: kwa kalamu, watoto wa Uingereza walishinda, kwa waya, wale wa Zambia, kwa udongo, wakawa sawasawa. Msomaji aliyekulia katika kijiji chochote cha Kenya anajua vigari vya waya na haitaji kuelezwa zaidi. Swali ni kwa nini tunachagua kalamu kila mara kisha tunashangaa.

Si kweli kwamba njia nyingine haijapata kujaribiwa hapa. Eleanor Duckworth, alipotakiwa kuupima Mpango wa Sayansi ya Msingi wa Afrika katika shule za Kenya, hakuandika maswali ya kuchagua. Alijaza chumba vifaa, akawaingiza watoto, akawaacha wafanye watakalo, na watazamaji wakaandika nani alifanya nini, mara ngapi, na kwa undani gani. Watoto waliosoma katika mpango huo walibuni kazi nyingi zaidi na zenye ugumu zaidi kuliko wenzao. Taarifa yake ilichapishwa 1978, na inasikitisha kwamba inasomwa zaidi ng'ambo kuliko huku ilikofanywa. Mimi mwenyewe niliipata katika maktaba ya huko, nikaona aibu kidogo.

Nitajibiwa kwamba chumba kimoja cha vifaa hakiwezi kuwapima watoto zaidi ya milioni moja, na jibu hilo ni la haki. Hatuwezi kuikimbia karatasi. Lakini karatasi pia imepata kurekebishwa katika nchi hii. Baada ya ujumbe wa Shirika la Kazi la Kimataifa kuukosoa mfumo wetu wa elimu mwaka 1972, maswali ya C.P.E. yaliandikwa upya chini ya usimamizi wa Anthony Somerset ili yapime kufikiri badala ya kukumbuka, na shule zikatumiwa jarida lililoonyesha watoto walichagua majibu gani yasiyo sahihi na yamkini kwa sababu gani. Hilo la mwisho ndilo ninaloliona kuwa la thamani kuu. Jibu lisilo sahihi lililochaguliwa na watoto wengi ni data ya isimu. Kama nusu ya watoto wa pwani walichagua kipepeo na watoto wa bara wakachagua buibui, hiyo si habari ya wadudu.

Kwa hiyo ningependa pawe na mtu wa lugha mmoja, mmoja tu, katika kila jopo la kutunga maswali ya sayansi ya shule za msingi, awe Nairobi au Dar es Salaam, mwenye ruhusa ya kuuliza swali la kijinga: neno hili lina maana gani nyumbani kwao mtoto? Na kwa kuwa sisi wenyewe hatuna majibu ya kutosha, nawaomba wasomaji wa jarida hili, hasa walioko pwani, watuandikie. Wachimba chumvi wa Gongoni huitaje chumvi inapopotea majini? Wavuvi huitenga vipi na barafu inayoisha ndani ya boksi la samaki? Ikiwa lipo neno linalosemwa na watu, tutalihitaji kabla ya karatasi nyingine kuandikwa.